Kiti cha Plastiki Msibani

Msimamizi wangu wa masomo ana swali moja ambalo hulirudia kila tunapoonana, na wakati mwingine hulirudia kwenye simu kabla hata ya salamu: mhamiaji anaacha lini kuwa mhamiaji? Anataka viashiria. Nyumba ya matofali ni kiashiria. Shamba ni kiashiria. Uraia, ndoa, watoto waliozaliwa huku, uanachama katika vikundi vya wanawake, vyote ni viashiria, na kila kimoja kina kisanduku chake kwenye dodoso langu. Utafiti wenyewe unahusu wanawake wa Kiafrika waliohamia Tanzania kutoka nchi jirani na jinsi walivyoweka makazi yao hapa. Niliuchagua kwa sababu mmoja wao alinizaa, na nilidhani hilo litanipunguzia kazi.

Mama yangu ni Mbemba kutoka Zambia. Anaishi Mikumi, pembeni ya barabara kuu, ambako ana mgahawa wa mabanzi unaolisha madereva wa malori. Ana nyumba ya matofali. Ana kipande cha miwa kule Ruhembe. Uraia anao, watoto anao, na kwenye kikundi cha kufa na kuzikana cha kitongoji chetu ni mwanachama wa siku nyingi. Nilimsomea dodoso zima mwenyewe, akajibu ndiyo mpaka mwisho. Kwa mujibu wa hesabu za chuo, mama yangu aliacha kuwa mhamiaji kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Nilimwambia hivyo nikitegemea atafurahi. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, bila kuinua macho, kwamba dodoso langu bado halijaenda msibani.

Ikabidi nimuulize ana maana gani, ingawa nilikuwa naijua.

Msibani kwetu wanawake hukaa chini, kwenye mikeka. Tajiri hukaa chini, mke wa diwani hukaa chini, mwenye magoti mabovu hukaa chini huku akinyoosha miguu na kulalamika. Kikundi chetu kina masufuria makubwa, turubai, mikeka, miiko ya kupikia ugali wa watu wengi, na kiti kimoja cha plastiki, cha bluu. Wanaume hukodi viti vyao wenyewe. Hicho cha bluu ni cha mama yangu. Hakuna kikao kilichokipitisha. Ilitokea tu kwamba msiba ukiingia, vijana wakishusha vyombo, kuna mtu hukifuta kiti kile kwa upande wa kanga na kukiweka pembeni ya mikeka, na mama akifika huambiwa, karibu mama, kaa hapa.

Aliwahi kukataa. Alisema yeye ni mtu wa chini kama wao, wakamsifu kwa unyenyekevu na kumsogezea kiti karibu zaidi. Siku nyingine alikipita kiti na kukaa mkekani bila kusema neno. Wanawake wote wa upande ule waliinuka. Mmoja alidhani ameanguka kwa presha akaomba maji, mwingine akamfungua mtandio apate hewa, na baada ya hapo kiti kikawekewa na mto.

Kwa hiyo mama yangu amekaa misibani miaka yote hiyo akiwa juu ya wenzake kwa kimo cha miguu ya kiti, anaona vichwa vyao, anasikia vicheko na minong'ono inayopita chini yake, na kila anayemwangalia anamwangalia kwa heshima. Heshima hiyo ilimkera kuliko tusi lolote ambalo angeweza kutukanwa. Na kwa kweli tusi ndilo alilokuwa analitaka.

Hapo inabidi niseme habari za baba. Alikuwa Msagara wa Kilosa, dereva wa malori ya masafa marefu. Alikwenda Zambia na mbolea, akarudi na shaba na mama yangu, na kwa muda mrefu ndugu zake walisimulia safari hiyo kwa mpangilio huohuo. Alijenga Mikumi kwa sababu malori hayapiti Kilosa. Mama alijifunza Kiswahili kwa madereva, kisha akajifunza tena kwa wanawake wa kanisani ili aondoe alichojifunza kwa madereva. Wakwe zake hawakumtesa hata kidogo. Mashemeji, ambao kwa kawaida hawamwachi mke wa ndugu yao apumue kwa kumchokoza, walimwita mama tangu siku ya kwanza. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba walikuwa wanaogopa. Ili umtanie mtu ni lazima ujue kwao wanakula nini, wanaoa vipi, wanaogopa mnyama gani. Wao hawakujua chochote kuhusu Wabemba, kwa hiyo waliona salama zaidi kuwa na adabu.

Baba alipofariki tulimzika kwao Kilosa. Watani wake ni Wanyamwezi, wajukuu wa watu walioletwa na kazi za reli wakabaki pale mjini, na walikuja kama inavyotakiwa. Mmoja alivaa ovaroli ya marehemu na kofia yake, akaketi juu ya jeneza na mfuniko wa sufuria kama usukani, akapiga honi kwa mdomo na kutangaza kwamba gari halitoki mpaka utingo apewe chakula. Shangazi zangu walipakwa unga usoni. Baba mkubwa, mtu mzito asiyecheka, alinyang'anywa kiatu kimoja na akazika ndugu yake akiwa na mguu mmoja wa soksi. Tulilia na kucheka kwa pamoja, ndivyo ilivyo. Kisha yule mwenye ovaroli alishuka jenezani akiwa na unga mkononi, akapita mbele ya shangazi mmoja, akampaka, akapita mbele yangu, akanipaka, akafika kwa mama. Akajifuta mkono kwenye ovaroli. Akasema, "Pole sana, mama," akamwambia kijana amletee kiti.

Mama hajawahi kukisahau kiti hicho. Anasema siku ile alifiwa mara mbili.

Sitaki nionekane ninamtafutia mama yangu mambo. Nilipoanza kuwahoji wanawake wengine nilikuta jambo hilohilo, ila hakuna aliyekuwa na kiti. Ruhembe nilizungumza na mama mmoja aliyeletwa mdogo kutoka Msumbiji na babu yake aliyekuja kukata mkonge, na yeye mwenyewe sasa analima miwa. Nilimuuliza kuhusu ardhi akanijibu kwa adabu huku akipiga miayo. Nilipomuuliza alijua lini kwamba hapa ndiyo kwao, alichangamka. Alisema ni siku ya msiba wa mumewe, watani walipobeba sufuria lake kubwa la kupikia pilau wakaondoka nalo. Mpaka leo halijarudi. Alinipeleka jikoni kunionyesha mahali lilipokuwa linakaa. Hapakuwa na kitu, na aliniangalia kuhakikisha nimeona. Masizi ya miwa iliyochomwa yalikuwa yanadondoka uani, na nilirudi nyumbani na nguo zenye madoa na swali jipya ambalo halikuwa na kisanduku.

Kwa wanaume, nilivyoona, jambo hili lilikuwa rahisi zaidi. Mwanaume aliyehamia alitukanwa kazini wiki ya kwanza, akatukana, wakaenda kunywa. Mwanamke alikuja kwa mlango wa mumewe, na kama mume hakumletea watani pamoja na mahari, alibaki mama wa watu. Nilimwandikia hayo msimamizi wangu. Akajibu kwamba ni ya kuvutia, na akauliza kama yanaweza kupimika.

Na mama alijua hasa anachokikosa, kwa sababu kwao alikuwa nacho. Wabemba wa Zambia ni watani wa Wangoni wa kulekule Zambia. Walipigana zamani, wakachoka, wakageuza vita kuwa mzaha. Mngoni humwita Mbemba mla nyani, Mbemba humwita Mngoni mla panya, na kwenye misiba wanavamiana jikoni. Mama alipokuwa msichana, Mngoni mmoja alilala ndani ya kaburi la babu yake, akajifunika shuka na kusema nafasi imeshachukuliwa, mpaka akabembelezwa kwa kuku. Mama husimulia kisa hicho kila mwaka. Akifika kwenye kuku huwa anafuta macho.

Mwaka juzi daktari alituambia kwamba moyo wake umepanuka. Alipewa dawa, akakatazwa chumvi na kubeba masufuria. Masufuria anayabeba. Tangu hapo alianza kuzungumzia maziko yake kwa sauti ileile anayozungumzia bei ya dagaa. Azikwe Mikumi, si Kilosa, maana kwa baba ni mbali na wateja wake hawatafika. Asivalishwe viatu. Na siku moja jioni, tukiwa tunaosha vyombo, akasema lile lililokuwa chini ya hayo yote.

"Watakuja wote," alisema. "Watavaa vizuri, watasema pole, na hakuna hata mmoja atakayenicheka. Nitaingia kaburini nikiwa mgeni rasmi."

Niliumia. Mimi ndiye mtaalamu wa makazi ya wahamiaji katika familia yetu. Niliendelea kusuuza.

Basi ndipo akahamia mwalimu. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mkimya, mwenye tai hata siku za kazi za mikono. Alinunua kiwanja nyuma ya mgahawa wa mama, akajenga, akaingia na mke wake na makabati mengi ya vitabu. Fundi aliyepaua nyumba yake alikuwa anakula kwa mama, na katika mazungumzo akataja kwamba mzee yule ni Mngoni wa Songea. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Alimuuliza fundi kama ana uhakika. Fundi akasema amemsikia akiongea na simu.

Ninaijua historia, na mama pia anaijua kwa namna yake: Wangoni wote walitoka kusini, wakavuka mto Zambezi, wakagawanyika njiani, wengine wakaishia Zambia na wengine wakafika Songea. Kwa mama hilo lilitosha. Mpaka wa nchi ulikuwa jambo la madereva na forodha. Mngoni alikuwa Mngoni, na sasa alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta.

Nilimwambia asubiri. Nilimwambia Wangoni wa hapa wana watani wao, huenda hata hawajasikia habari za Wabemba. Aliniambia nisome vitabu vyangu.

Jumapili alivaa kitenge chake kizuri. Ibada ilipokwisha, watu wakiwa wamesimama nje ya kanisa wakisalimiana, alimfuata mwalimu aliyekuwa amesimama na katekista na nusu ya kwaya, akajishika kiuno, akasema kwa sauti ya mgahawani:

"Mla panya, karibu Mikumi. Naona paka wetu wameanza kulalamika njaa."

Alibaki anatabasamu akingoja jibu lake. Nilimwona kwa mbali, na sijawahi kumwona mtu anayesubiri kutukanwa kwa matumaini makubwa namna ile. Mwalimu alirekebisha tai. Mke wake akamshika mkono. Katekista akaanza kuzungumzia mvua. Jumatatu asubuhi mwalimu alikuwa barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji kushitaki kwamba ametukanwa hadharani, mbele ya kanisa, na jirani asiyemjua.

Mwenyekiti wetu anauza mbegu na dawa za mimea, na kesi anazipenda zikiwa fupi. Alituketisha barazani kwake, mwalimu na mkewe upande mmoja, mama na mimi upande wa pili, na wajumbe wawili ambao mchango wao ulikuwa kutikisa kichwa. Mama alipewa kiti kizuri zaidi.

Alieleza vizuri. Alisimulia vita, amani, nyani, panya, na Mngoni aliyelala kaburini. Alifika kwenye kuku akafuta macho. Mwalimu alisikiliza kama anayesahihisha mtihani, kisha akasema anawajua watani wake wote, aliwarithi kwa baba yake, na akawataja mmoja mmoja. Wabemba hawakuwemo. Akaongeza kwamba hajawahi kula panya maishani mwake, na mke wake akathibitisha.

Mwenyekiti aligeuka akaniambia, mwanangu, wewe si ndiye unayesomea haya mambo? Nikasimama. Nikaeleza safari ya Wangoni kutoka kusini, nikachora kwa kidole hewani mahali walipovuka na mahali walipogawanyika, nikasema kwamba kimsingi sisi sote tuliopo pale barazani ni wazao wa wahamiaji na kwamba dhana ya mwenyeji inahitaji kutazamwa upya. Ilikuwa hotuba nzuri. Mjumbe mmoja alikuwa amelala.

"Hayo nimeyafundisha darasa la tano mpaka nikastaafu," mwalimu alisema. "Ndugu zangu walioishia huko wana watani wao. Mimi sikuwarithi."

Uamuzi ulikuja haraka. Mwenyekiti alisema utani ni wa watu wawili, na mmoja akisema hayumo, basi lililobaki ni tusi. Mama aombe radhi, yaishe, watu wakaangalie mashamba yao. Mama aliinuka kwenye kile kiti kizuri, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao, akapiga makofi ya taratibu ya heshima, akaomba radhi. Mimi nilitamani kulia na pia kumnyonga mwalimu kwa tai yake.

Mwalimu alisema amesamehe kwa moyo mmoja, na kwamba tangu siku hiyo angependa ieleweke kuwa anamheshimu sana mama.

Na alimheshimu. Alikuwa akipita mbele ya mgahawa anavua kofia. Alimwita mama, ingawa ni rika moja. Alimtuma mke wake na sahani ya maembe yaliyomenywa, yamefunikwa kitambaa. Mama aliyapokea, akashukuru, akawapa madereva. Hakumtaja tena mwalimu, na kisa cha kaburi na kuku hakukisimulia mwaka ule. Madereva wa Zambia waliposimama kula na kumtania kwa lugha yao, aliwajibu kwa kifupi, na mmoja aliniuliza pembeni kama mama yangu anaumwa. Nilisema anaumwa moyo, ambalo halikuwa la uongo.

Nilirudi chuoni. Niliandika sura ya tatu, ikarudishwa, nikaiandika tena. Nilitumia neno kutengamaa mara nyingi kiasi kwamba nilianza kulichukia. Mama alikuwa akinipigia simu na kunieleza nani amejenga, nani ameolewa, tembo wa mbugani wameingia shamba la nani. Kuhusu mwalimu alisema tu kwamba amesafiri kwenda kwao Songea kwenye arusi ya mtoto wa dada yake. Baadaye akasema amerudi. Nilimuuliza kama wanasalimiana. Akasema wanasalimiana vizuri sana.

Nilikuwa nimefika nyumbani kwa likizo wakati mama mzazi wa mwenyekiti alipofariki. Alikuwa bibi wa miaka mingi, amekufa usingizini, msiba wa aina ambayo watu wanapika sana na kulia kwa kiasi. Mama alifunga unga kwenye kanga, akachukua mafuta na chumvi asiyoruhusiwa kula, tukaenda. Turubai lilikuwa limeshafungwa. Wanaume walikuwa upande wao kwenye viti vya kukodi, mwalimu akiwa katikati yao na tai nyeusi. Wanawake walikuwa mikekani. Kiti cha bluu kilikuwa mahali pake na mto wake.

Karibu mama, kaa hapa.

Alikaa. Nilikaa mkekani karibu na miguu yake, na kutoka hapo niliona jinsi visigino vyake vilivyopasuka, na jinsi alivyovificha chini ya kiti visionekane na waliokaa chini. Nilijisikia vibaya kwamba mimi niko mkekani. Hakuna mtu aliyewahi kuniletea mimi kiti.

Watani wa nyumba ile walikuja wakafanya yao, wakaficha ufunguo wa stoo ya mwenyekiti na kumdai mchele. Wakaanza kupoa. Padri alikuwa bado njiani. Ndipo nilipomwona mwalimu ameinuka upande wa wanaume, amefunga vizuri kifungo cha koti, anakuja upande wetu. Mwanaume haji mikekani kwa wanawake bila sababu, kwa hiyo waliomwona walinyamaza, na waliokuwa wananong'ona wakanyamaza baada yao. Alisimama mbele ya mama. Alivua kofia.

"Samahani, mama. Naomba uinuke kidogo."

Mama aliinuka. Nadhani alifikiri kuna mgonjwa anayehitaji kiti. Mwalimu alitoa leso, akakifuta kiti, akautupa mto kando. Kisha akakaa mwenyewe, katikati ya wanawake wote, akakunja nne.

"Tangu lini mla nyani anakaa kwenye kiti, mwalimu amesimama?" alisema. "Kaa chini."

Mwenyekiti, kule kwa wanaume, alikuwa amenyanyuka nusu, na niliuona uso wake ukisema kwamba kesi imerudi. Mwalimu akatangaza, kwa sauti ile ya mbele ya ubao, kwamba amekwenda kwao na ameuliza. Mjomba wake alichimba shaba Zambia ujana wake wote. Mjomba amecheka mpaka akakohoa. Amesema kule mgodini Wabemba waliwatukana kila siku ya Mungu, nao wakawatukana, na Mngoni akifa mbali na kwao ni Mbemba aliyeruka ndani ya kaburi lake ili asiingie peke yake.

"Kwa hiyo barazani nilikosea," alisema. "Nimesahihisha. Kaa chini, mla nyani, wenzako wanakungoja."

Mama alikuwa bado amesimama. Alimwangalia, akaangalia kiti, akajishika kiuno. Nilimwona akivuta pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibeba tangu Kilosa.

"Kikalie tu," alisema. "Ila angalia usije ukatafuna miguu yake. Kwetu panya hawaachi kitu."

Aliyecheka kwanza alikuwa binti mkubwa wa marehemu, na kwa kuwa mwenye msiba amecheka, wengine wote walikuwa huru. Walicheka wakipigana mabega. Halafu, bila mtu kusema karibu mama, mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa kwa kujinafasi alivuta miguu yake, na wa pembeni yake akasogea, na mkekani pakatokea nafasi ndogo, isiyotosha mtu wa umbo la mama yangu. Akajibana humohumo. Mmoja akamwambia amekalia kanga yake. Mwingine akasema hawa Wabemba wana makalio. Hawajui Wabemba wengine, lakini walishaanza.

Mwalimu aliendelea kukaa kwenye kiti. Alikuwa ameanza kuona raha ya kazi hiyo. Akainama akamwambia mama, si kwa sauti kubwa, lakini sisi wa karibu tulisikia:

"Na siku yako ikifika mimi ndiye nitakayetangulia kaburini. Nitajifunika shuka. Hawanitoi bila kuku."

Mama alivuta kanga akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika, kisha sauti ikatoka, ile ya ndani kabisa, ambayo sikuisikia hata siku ya baba. Alilia kwa nguvu na kwa muda mrefu. Wanawake waliobanana naye walimshika, mmoja akaanza kulia naye, kisha wa pili, mpaka mkeka wote ukawaka, na msiba uliokuwa umepoa ukawa msiba wa kweli. Mimi nililia pia. Padri alipofika alisimama mlangoni akingoja watulie.

Baada ya maziko mwenyekiti alikuja mpaka mkekani alipokuwa bado amekaa mama, maana magoti yalikuwa yamegoma na walikuwa wanatafutwa watu wawili wa kumnyanyua. Alichuchumaa mbele yake, macho yamemvimba, akamshika mikono yote miwili. Alisema hakujua kwamba mama yake alikuwa na mtu aliyempenda kiasi kile, na kwamba yeye na ukoo wake wote hawatasahau jinsi alivyomlilia.

Mama alimjibu kwamba ni wajibu tu.